Mlenda wa Kongwa ughaibuni, na watoto jikoni

Kwetu Kongwa, Dodoma, mlenda, ile mboga ya majani yenye ute, huanikwa, ukatwangwa, ukaliwa kiangazi kizima, maana mvua zikikatika Aprili hadi Desemba tena. Hapa Ujerumani nilihangaika miaka miwili kuutafuta, kumbe umelala kwenye friza ya duka la Waarabu. Wanauita mulukhia. Ni majani ya aina mojawapo ya mlenda, yamekatwakatwa na kugandishwa.

Unga wa uwele wa kusongea ugali uulizie kwa Wahindi, sema "bajra". Ukifungua pakiti, unusa: uwele una mafuta, unachacha upesi. Ukiwa haujachacha, uhifadhi kwenye friza.

Vingine: mulukhia gramu 400, bamia 5, nyanya 2, karanga za kukaanga nusu kikombe, chumvi, na bekingi soda badala ya magadi.

1. Mkubwa (wangu ana miaka 9) atwange karanga. Kinu sina; tunazitia kwenye mfuko wa plastiki tunaziponda kwa kisukumio cha chapati. Ziachwe chengachenga.

2. Mdogo akate bamia kwa kisu butu. Hapa dakika 20 zitapotea, zikubali. Wangu alivuta ute kutoka ubaoni hadi puani, akasema, "Mama, konokono!" Nilicheka naye. Kabla ya hapo alikuwa hataki hata kuuonja. Siku ile alimaliza sahani.

3. Chemsha vikombe viwili vya maji na bamia, nyanya, chumvi na soda ya ncha ya kisu. Nimesema ncha! Soda hulainisha majani, ila ikizidi mtakula sabuni.

4. Tia mulukhia na barafu yake, usifunike, utafurika jiko zima. Ikiyeyuka na kuchemka, punguza moto, pekecha. Upekecho wangu, kile kijiti cha kupekechea mboga, nilitoka nao nyumbani sandukuni. Usipokuwa nao, tumia mchapo wa mayai. Viganja vya mtoto viwe ndani ya vyako, msugue mti pamoja, mbele, nyuma, mpaka mlenda uvutike ukiuinua. Karanga ziingie mwisho, dakika 5, epua.

5. Ugali nasonga mwenyewe. Uji wa uwele ukitokota hurusha matone, yanababua. Watoto wanarudi kwenye kumega tu.

Maswali ya wanachama

*Mbona hakuna kitunguu wala mafuta?* (Dodoma mjini)
Kwetu hatuweki, kaka. Ukiweka utapata mboga nzuri, ila bibi yangu asingeiita mlenda.

*Mwanangu ana mzio wa karanga, nifanyeje?* (Norwei)
Pole dada. Mimi ningejaribu mbegu za alizeti zilizomenywa, nikazikaanga kidogo na kuziponda. Soma pakiti kwanza, nyingine hufungwa kiwanda kimoja na karanga. Au acha kabisa, mlenda mtupu nao unalika.

*Mwanangu, nikiwatumia wajukuu wangu mlenda wa unga, mama yao aupikeje?* (Mpwapwa)
Shikamoo mama. Kwanza waulize forodha ya huko kama wanaupokea. Maji yakichemka anyunyize kidogokidogo huku anapekecha. Akiumwaga kwa mkupuo utafanya mabonge. Ila mama, uuchekeche mara mbili kabla hujaufunga. Mchanga wa Mpwapwa tunaufahamu.