Kuapdeti famwea ya laptopu ndogo ya Linux ukiwa Lamu, anza na stima kwanza

Alinijia kijana wa Shela hapa Langoni, kashuka na boti, laptopu kaifunga kwa kikoi. "Ami, taa inawaka lakini kioo cheusi." Nikamuuliza ulikua ukifanya nini, akanambia alikua anaapdeti BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Linux, na betri yake ilishakufa zamani anatumia chaja tu, stima zikapotea katikati. Nikabonyeza swichi: taa ikawaka, feni ikazunguka sekunde mbili tatu, ikanyamaza. Ile chipu ya miguu minane inayobeba BIOS ilikua imeandikwa nusu, na nusu haiwashi mashine. Ikabidi iende Mombasa kwa fundi mwenye kifaa cha kuiandika upya, na kijana alikua na mitihani wiki ile ile, iliniuma sana.

Kwahivyo ndugu zangu mkiniuliza famwea, yani programu zinazokaa ndani ya vifaa vyenyewe, BIOS ikiwemo, inaapdetiwa vipi kwenye Linux mimi naanza na stima, mana amri zenyewe ni nne tu na mtoto wa shule anaziweza.

Angalia tokeni zako za stima zimebaki ngapi, hili watu hawalifikirii kabisa, mtu anaanza kazi na mita inalia. Alafu betri. Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike

upower -d

utafute sehemu ya betri, kuna mstari wa percentage ambao ni chaji iliyopo sasa, na kuna mstari wa capacity ambao ni uzima wa betri yenyewe ukilinganisha na ilivyotoka kiwandani. Chaji ijaze mpaka juu. Capacity ikiwa chini sana, yani betri haikai hata nusu saa ukichomoa chaja, usiapdeti BIOS, tafuta betri nzima kwanza. Au nenda mahali penye sola na betri zake ambapo stima zikipotea taa hazipepesi hata kidogo. Na ukiwa huku kwetu upepo wa chumvi unakula kila chuma, chomoa pini ya chaja uitizame kwa mwangaza, ukiona ukijani kwenye shaba futa na pamba yenye spiriti, iache ikauke, alafu irudishe uitikise kidogo huku unatizama ile alama ya kuchaji kwenye kioo. Ikiwa inakuja na kupotea, hio chaja si ya kazi hii.

Sasa ijue mashine yako.

cat /sys/class/dmi/id/product_name
cat /sys/class/dmi/id/bios_version

Ya kwanza ni jina la modeli, ya pili ni toleo la BIOS, liandike kwenye karatasi. Wenye ThinkPad mtaona namba namba tu hapo kwenye product_name, jina lenyewe liko kwenye product_version. Alafu andika ls /sys/firmware/efi, ikikwambia hakuna kitu kama hicho basi Linux yako imewashwa kwa njia ya zamani, si kwa njia mpya inayoitwa UEFI, na apdeti ya BIOS kwa njia ninayoeleza haitapita.

Programu tunayotumia ni fwupd. Ubuntu na Mint kwa kawaida inakuja nayo, kama haipo sudo apt install fwupd. Inachukua famwea kutoka LVFS, ghala alilolianzisha Richard Hughes wa Red Hat, ambamo watengenezaji wenyewe kama Dell, Lenovo na HP wanaweka mafaili yao yakiwa na sahihi ya kidijitali, na fwupd inaikagua ile sahihi kabla haijagusa chochote. Ndo mana naiamini kuliko faili la BIOS ulilotumiwa na rafiki kwa WhatsApp.

fwupdmgr get-devices
fwupdmgr refresh
fwupdmgr get-updates
fwupdmgr update

Ya kwanza inakuonyesha vifaa vyote vyenye famwea, na si BIOS peke yake, utaona diski ya SSD, saa zingine na Thunderbolt, ile inayoendesha tundu la USB-C la kasi. Ya pili inavuta orodha mpya, hotspoti ya simu inatosha. Ya tatu inakwambia kuna nini kipya na kinatibu nini, tafadhali isome, usipite tu. Kuna ThinkPad za miaka ya 2017 mpaka 2019 ambazo famwea ya Thunderbolt ilikua na kasoro mpaka tundu la USB-C linaweza kuacha kuchaji, na dawa ni famwea mpya kabla halijaharibika, sasa mtu anaenda kununua chaja tatu na shida haiko kwenye chaja.

Ya nne ndo kazi yenyewe. Ikikataa ikisema betri iko chini au chaja haijachomekwa, itii, usiilazimishe kwa --force. Ikikubali itakuuliza kuhusu kuwasha upya. Kabla hujajibu ndio, chomoa flashi na kila kitu cha nje ukiacha chaja, hifadhi kazi zako, na kama una Windows pembeni yenye BitLocker, ile kufuli ya diski, uwe na ule ufunguo wa kurudishia mkononi, mana baada ya BIOS kubadilika inaweza kuudai.

Ikiwaka utaona nembo ya mtengenezaji na mstari unaojaa taratibu. Feni inaweza kupiga kelele kama boti ya Mokowe, kioo kinaweza kua cheusi dakika nzima au zaidi, mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu. Usiguse. Usifunge kifuniko, usishikilie swichi, kaa hapo hapo na watoto wasipite na waya. Mimi hufanya baada ya swala ya alfajiri, nyumba imetulia na hakuna wa kuniita.

Ikirudi andika fwupdmgr get-history uone kama imefaulu, na ile bios_version ulinganishe na karatasi yako. Saa zingine mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani na mashine inaingia Windows badala ya Linux, usiogope, Linux yako ipo, kwa Dell na Lenovo nyingi washa huku unabonyeza F12 uichague, baadae urekebishe mpangilio ndani ya BIOS.

Kama laptopu haina intaneti, pakua faili la .cab la modeli yako kwenye simu kutoka fwupd.org, lihamishe kwa waya, alafu fwupdmgr install na jina la faili. Na kama modeli yako haimo kabisa LVFS, nenda tovuti ya mtengenezaji. Dell nyingi unaweka faili lao kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, unabonyeza F12 na kuchagua BIOS Flash Update, Linux haihusiki hata kidogo. Ila jina la modeli lilingane herufi kwa herufi, usichukue la modeli inayofanana, na chaji ile ile niliyosema iwe imejaa.