Mguu wa matende: kazi iko katikati ya vidole

Lindi na Mtwara wanayajua matende tangu zamani. Minyoo inayoletwa na mbu huishi miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na kuiharibu, maji yakakosa njia. Sasa mbona minyoo ikishakufa mguu bado unanenepa?

Kwenye maji yaliyotuama hurundikana seli za kinga, hasa makrofaji na limfosaiti T. Hutoa kemikali zinazozichochea fibroblasti, wafumaji wa nyuzi za ngozi, zifume kolajeni kupita kiasi. Fibroblasti zikishachachamaa nazo huita seli za kinga zaidi. Ngozi inakakamaa, inaota mikunjo, mishipa ya limfu inazidi kubanwa. Kila bakteria wanapopenya kwenye ufa, ugomvi unaanza upya. Ufa huo ndio unaozibika nyumbani.

Osha kila siku, jioni ukitoka shamba, kwa maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali. Anzia juu uvimbe unapoanzia, shuka hadi unyayoni, ukiingia ndani ya kila mkunjo. Tumia mkono au kitambaa laini. Brashi na jiwe vinachubua. Suuza hadi maji yatoke safi, maana sabuni iliyobaki inawasha, na kujikuna ni kufungua mlango.

Kwenye kukausha ndiko wengi wanakoharibu. Usisugue: gandamiza kwa kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa. Vidole vikibanana kitambaa kinene hakipiti, kwa hiyo sokota ncha ya kitambaa chembamba uipitishe taratibu. Ngozi ya hapo ikiwa nyeupe, imelowana na inanuka, mara nyingi ni fangasi. Paka klotrimazoli au marhamu ya Whitfield. Majani yaliyotwangwa, majivu na chale, hapana.

Ukikaa, weka mguu juu ya kigoda. Ukilala, inua matendegu ya upande wa miguuni kwa matofali. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Kunja na kunjua kifundo cha mguu, misuli isukume maji. Msimu wa kuokota korosho usiende peku. Vaa viatu vipana.

Mguu ukiwaka moto na kuuma, pamoja na homa na kutetemeka, acha mazoezi. Poza kwa kitambaa cha maji baridi, kunywa maji mengi, meza paracetamol, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo ukapimwe na kupewa antibayotiki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo linganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja.