Jinsi ya kupiga picha ya jua likizama katikati ya mtaa, Manhattan, New York

Mara yangu ya kwanza Mtaa wa 42, zilibaki dakika chache jua lizame na sikuliona popote. Nikaamini nimekosea siku, nikafunga begi. Nikiwa njiani kuelekea kituo cha treni nikasikia umati ukishangilia nyuma yangu. Hatua ya 4 hapa chini naiandika kwa uchungu wa jioni ile.

1. Siku. Mitaa ya Manhattan haielekei magharibi kamili. Mpango wa mitaa wa mwaka 1811 uliichora kwa kufuata ulalo wa kisiwa, hivyo imekengeuka nyuzi 29 kuelekea kaskazini. Jua huzama usawa huo mara mbili kwa mwaka: Mei 28 hadi 30 hivi likielekea kaskazini, na Julai 11 hadi 13 hivi likirudi. Kila mara kuna jioni ya jua nusu (nusu yake tu iko juu ya upeo wa macho) na jioni ya jua zima (lote liko juu ya upeo). Mei hutangulia nusu, Julai hutangulia zima. Mimi napenda zima. Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, yaliyoko mjini humohumo, hutangaza tarehe na dakika kila mwaka, zifuate hizo.

2. Mahali. Chagua mitaa mipana: 14, 23, 34, 42 au 57. Ina upana wa mita 30 hivi, mingine mingi ni 18 tu. Mtaa wa 34 unakupa Empire State Building, wa 42 unakupa Chrysler Building. Sogea mashariki kadiri uwezavyo, mradi ukitazama magharibi bado unaiona New Jersey, jimbo la ng'ambo ya mto. Fika saa 1 jioni. Picha hupigwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu: ingia taa ikiruhusu, piga, toka.

3. Kamera. Lenzi ya mm 200 hulifanya jua lionekane kubwa kati ya majengo; lenzi pana hulifanya nukta. Pima mwanga kwenye anga pembeni mwa jua, uache majengo yawe meusi. Tumia skrini, kamwe usichungulie jua kupitia tundu la kamera, kwa kuwa lenzi hukusanya miale na kuunguza jicho. Kwa simu, gusa anga kisha punguza mwanga.

4. Subira. Jua halishuki wima. Huteremka kimshazari kwenda kulia, kwa hiyo hadi dakika za mwisho limejificha nyuma ya majengo ya kushoto. Usiondoke! Tazama ukingo wa jengo la mwisho upande huo: ukianza kung'aa kama chuma cha moto, anza kupiga. Hapo ni kati ya saa 2:10 na 2:25 usiku.

Katikati ya Juni unaweza kwenda kufanya mazoezi, maana jua hupita katika uwazi uleule kila jioni, ila likiwa juu zaidi.

5. Geuka. Piga picha mbili tatu za nyuma yako pia. Nyuso zote za mtaa zinakuwa na rangi ya dhahabu wakati huo, na hakuna anayeitazama kamera yako.