Namna ya kuandika historia ya klabu ya mpira wa kikapu ya Ufini: mfano wa Honka ya Espoo

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mwandishi hana budi kuamua anaandika historia ya kitu gani hasa. Katika mpira wa kikapu wa Ufini jina moja laweza kubeba mambo manne: chama kilichosajiliwa ambacho watu wa mtaani ni wanachama wake, kampuni inayolipa mishahara ya wachezaji wa kulipwa, timu yenyewe inayoingia uwanjani, na nafasi ambayo timu hiyo inashikilia katika ligi kuu iitwayo Korisliiga. Kwa miaka mingi mambo hayo huweza kwenda pamoja bila mtu kuyatofautisha, lakini fedha zinapokwisha hutengana, na hapo ndipo historia nyingi zinapoharibika, kwa sababu mwandishi hulifuata jina peke yake na kuunganisha vilivyokatika.

Honka ni mfano mzuri wa kujifunzia, ingawa si mwepesi. Jina hilo lina maana ya msonobari mkubwa wa kale, na lilizaliwa Tapiola, kitongoji cha bustani kilichojengwa katika mji wa Espoo, magharibi mwa Helsinki, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tapiola nacho kimepata jina lake kwa Tapio, mungu wa msitu katika masimulizi ya kale ya Wafini. Klabu ya michezo iliyoitwa Tapion Honka ilianzishwa mwaka 1957, na klabu ya soka ya FC Honka inahesabu mwanzo wake kutoka mwaka huohuo. Kwa hiyo, ukikuta chanzo kinachosema kwamba Honka ilianzishwa mwaka 1957, uliza kwanza ni Honka ya mchezo gani, kwa kuwa matawi ya michezo mbalimbali yaliyotoka katika shina moja hayakuendelea chini ya uongozi mmoja.

Hatua inayofuata ni kuandaa orodha ya majina yote, kila jina na miaka yake, badala ya kuchagua lile linalopendeza. Timu ya wanaume iliyotwaa ubingwa wa Ufini katika miaka ya 2001, 2002 na 2003, kisha tena 2007 na 2008, inajulikana kama Espoon Honka. Hata hivyo, katika kipindi cha mataji yale mawili ya mwisho utaikuta mara nyingi ikiandikwa Honka Playboys, kwa sababu za udhamini. Msomaji asiyejua hilo atadhani ni klabu mbili. Jambo hilo halikuwa la Espoo peke yake: mabingwa wa 2012 kutoka mji mdogo wa Loimaa huandikwa Nilan Bisons mahali pamoja na Bisons Loimaa mahali pengine. Kanuni ninayoipendekeza ni kuandika jina lililotumika katika msimu unaozungumziwa, kisha kueleza mara moja tu, mapema, kwamba jina la mdhamini si klabu mpya. Kumbi pia zina kasoro hiyohiyo. Uwanja mkubwa wa ndani wa Espoo uliofunguliwa mwaka 1999 umeitwa LänsiAuto Areena, Barona Areena na Metro Areena kwa nyakati tofauti, na mwandishi asiyekuwa mwangalifu anaweza kuuhamisha mchezo mmoja katika kumbi tatu.

Majina ya klabu nyingine hueleza historia yenyewe kabla hujafungua kumbukumbu yoyote. Herufi NMKY, zinazoonekana katika Turun NMKY au Lappeenrannan NMKY iliyokuwa bingwa mwaka 2005 na 2006, ni kifupi cha Kifini cha chama kilekile ambacho wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanakijua kwa herufi YMCA. Si ajabu kwamba chama hicho kilijikita katika mchezo huu, kwa kuwa James Naismith aliubuni mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, katika chuo cha chama hichohicho. Ukiandika juu ya klabu yenye herufi hizo, mizizi ya kikapu chake itafute katika kazi za vijana za chama, na usianzie kwa mwekezaji.

Sasa nifike kwenye lugha, kwa kuwa hapo ndipo watafiti wengi wa kigeni wanapokwama bila kujua kwamba wamekwama. Neno la Kifini la mchezo huu ni rahisi kwa Mswahili: *koripallo*, yaani *kori* ni kikapu na *pallo* ni mpira, tafsiri ya moja kwa moja kama yetu. Ugumu uko katika majina, kwani Kifini hubadilisha mwisho wa neno na mara nyingine hata konsonanti za katikati. Klabu ni Honka, lakini "ya Honka" ni *Hongan*. Klabu ya Pyrintö ya Tampere hugeuka *Pyrinnön*, klabu ya Vilpas ya Salo hugeuka *Vilppaan*, na mji wa Turku wenyewe hugeuka *Turun*. Mtu anayetafuta "Honka" tu katika hifadhi ya magazeti atapoteza sehemu kubwa ya habari, kisha atahitimisha kwamba klabu haikuandikwa sana. Tafuta kwa maumbo yote mawili, na uyaunganishe na maneno machache ya kazi: *mestaruus* kwa ubingwa, *loppuottelu* kwa fainali, *kausi* kwa msimu, *konkurssi* kwa kufilisika. Neno hili la mwisho litakufaa kuliko unavyodhani.

Kuhusu vyanzo, anza na magazeti ya mji husika kabla ya yale ya taifa. Helsingin Sanomat litakupa matokeo, lakini Karjalainen la Joensuu litakueleza zaidi juu ya Kataja, klabu ya mji huo, na Salon Seudun Sanomat zaidi juu ya Vilpas. Maktaba ya Taifa ya Ufini imeweka magazeti ya zamani mtandaoni, na ya hadi miaka ya 1930 husomeka bila malipo, jambo linalotosha kwa mizizi ya vyama vikongwe, ingawa kwa klabu ya mwaka 1957 halisaidii. Tarehe za kisheria ziangalie katika rejista za vyama na za kampuni zinazotunzwa na Patentti- ja rekisterihallitus, mamlaka ya Ufini ya hataza na usajili. Chama hubeba herufi *ry* na kampuni hubeba *Oy*. Ukiona zote mbili pembeni ya jina moja, umekwisha kupata mahali pa kukata sura.

Orodha ya mabingwa ithibitishe msimu kwa msimu. Michuano ya ubingwa ilianza mwaka 1939, mwaka ambao shirikisho la mpira wa kikapu, Suomen Koripalloliitto, lilianzishwa, na ngazi ya juu imewahi kuitwa Mestaruussarja na SM-sarja kabla ya kuitwa Korisliiga. Msimu huanza vuli na kumalizika majira ya kuchipua, hivyo ubingwa wa 2007 ni wa msimu wa 2006–2007. Msimu wa 2019–2020 hauna bingwa, kwa kuwa ulisitishwa kwa sababu ya korona; pengo hilo lisikufanye udhani umekosea.

Maisha ya wachezaji ni kipimo kizuri cha kuhakikisha tarehe. Petteri Koponen alichaguliwa wa 30 katika drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi kuu ya Marekani, ya 2007 akiwa mchezaji wa Honka, na mwaka 2008 alihamia Virtus Bologna ya Italia. Kumbukumbu kama hizo, zilizoandikwa na watu wa nje wasio na ugomvi wa kinyumbani, hukuonyesha klabu ilijulikanaje siku ile.

Sehemu ngumu iandike polepole. Espoon Honka iliondoka katika ligi mwaka 2010 kwa sababu za fedha, miaka miwili tu baada ya ubingwa wake wa mwisho. Baadaye timu ya Tapiolan Honka ilirudi katika ngazi za juu, na mwaka 2016, Espoo Blues ya mpira wa magongo wa barafuni ilipofilisika, iliundwa Espoo United iliyoweka magongo na kikapu chini ya kampuni moja. Wazo hilo lilidumu hadi 2018, na lenyewe likafilisika. Kwa maoni yangu ni kosa kuyajumlisha mataji ya kabla ya 2010 katika jedwali la Espoo United, na ni kosa vilevile kuandika kana kwamba Honka ilikufa, kwa sababu timu za vijana na za wanawake zimeendelea kuvaa jina la Tapiolan Honka. Tenga majedwali mawili, moja la timu za kulipwa na jingine la chama, na juu ya kila moja andika jina kamili lililotumika katika msimu husika.