Umetoa Pointi, Umefunga Moduli, Gari Haliwaki

Wenye magari ya zamani wakinipigia kuhusu mfumo wa cheche wa kielektroniki, huanza na hukumu: moduli, yaani kile kifaa kinachofungwa badala ya pointi (swichi ndogo ya zamani ya kukata umeme), imeungua. Nikiwauliza koili (inayokuza umeme hadi utoe cheche) inapata volti ngapi, wananijibu kwamba betri ni mpya. Betri mpya ni jambo jema, ila sikuuliza hilo.

Moduli huungua, sikatai. Lakini mara nyingi inasingiziwa. Tuseme una ile ya kawaida ya Hall, inayohisi sumaku: pete yenye sumaku imevishwa kwenye kamu (shafti ya katikati) ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, sumaku moja kwa kila silinda, na pembeni yake kuna moduli iliyokaa mahali pa pointi. Kila sumaku inapopita, moduli inakata umeme wa koili, na cheche inaruka. Ili ifanye kazi hiyo inahitaji volti za kutosha, ethi safi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari), na sumaku iliyo karibu. Pointi zilivumilia umeme dhaifu na ethi yenye kutu miaka na miaka. Moduli haina uvumilivu huo. Ndiyo maana gari lililokuwa linawaka jana na pointi linakataa leo, ilhali ubovu ulikuwemo siku zote.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha unajua ethi ya gari lako ni hasi au chanya. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yalikuwa na ethi chanya. MGB, kwa mfano, zilibadilishwa mwaka 1967. Moduli ya ethi hasi ikifungwa kinyume inaweza kufa papo hapo, na hapo hukumu ya awali itakuwa ya haki.

Sasa sikiliza gari linavyokataa. Likiwaka ukiwa umeshikilia funguo kwenye stata, kisha likazima mara tu unapoachia, koili haipati umeme funguo ikirudi mahali pa kuendeshea: balasti (kizuizi kinachopunguza volti za koili) imekatika, au swichi imechoka. Likiwa kinyume chake, stata inazunguka bila dalili halafu injini inashtuka kidogo wakati ule ule unapoachia funguo, basi stata inakula umeme wote na moduli inabaki na njaa. Ishara hizi mbili zinakuokolea muda mwingi, na hazihitaji hata bisibisi.

Chukua mita, iweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iwe kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, usiiguse bodi. Ncha nyekundu iguse mahali waya mwekundu wa moduli unapopata umeme. Washa swichi, usome, uzime. Usiiache imewashwa injini ikiwa imesimama, kwa sababu moduli nyingine huendelea kupitisha umeme, na koili inapata moto pamoja nayo. Inatakiwa usome karibu sawa na betri, tofauti isizidi nusu volti. Kisha mwambie mtu apige stata huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9, usiendelee mbele. Tafuta umeme unapotelea wapi: nguzo za betri, waya mkubwa wa ethi wa injini, viungio vyenye ukijani, swichi ya funguo.

Ukisoma 6 hadi 9 swichi ikiwa imewashwa, bila stata, umekutana na balasti. Wakati mwingine ni kipande cheupe cha kauri unachokiona, lakini kwenye magari mengine ni waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, na kwa macho hautofautiani na mwenzake. Waya mwekundu wa moduli uchukue umeme kabla ya balasti. Koili yenyewe ibaki baada yake, kama ni koili ya kutumia balasti.

Utaijuaje? Ondoa nyaya za koili, weka mita kwenye ohmu, gusanisha kwanza ncha zako mbili uone mita inasoma ngapi ikiwa tupu, kisha pima kati ya chanya na hasi ya koili na utoe ile namba. Koili ya karibu ohmu 3 inapewa volti 12 moja kwa moja; inavuta kama ampea 4. Koili ya ohmu 1.5 ikipewa volti hizo hizo bila balasti inavuta 8, na hapo ndipo moduli nyingi zinapofia. Karatasi iliyokuja na moduli inataja ohmu za chini inazokubali. Isome hata kama maandishi ni madogo.

Njia ya mkato ya kuthibitisha: vuta waya wenye fyuzi kutoka chanya ya betri hadi kwenye waya mwekundu wa moduli na chanya ya koili, kisha piga stata. Likiwaka, moduli ni nzima na shida iko kwenye nyaya za gari. Ila ukimaliza, ondoa waya huo, kwani funguo peke yake haitazima injini. Kama koili yako ni ya balasti, iwe ni jaribio la dakika moja tu.

Ethi ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu kila mtu anaamini anayo. Moduli inapata ethi kupitia kisahani kinachobeba pointi, na kisahani hicho huzunguka kidogo kila vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) inapokivuta. Kati ya kisahani na mwili wa distributa kuna kipande kifupi cha waya laini, mara nyingi kimevikwa kitambaa. Kitazame kwa karibu. Kitambaa kinaweza kuwa kizima kabisa huku nyuzi za shaba ndani zimekatika zote. Ukikishika kwa ncha ya koleo na kukivuta taratibu, kinarefuka kama kamba ya raba. Hapo injini itazunguka vizuri gari likiwa limesimama mahali pamoja na itaanza kukosa cheche ukikanyaga mafuta, kwa kuwa kisahani kimesogea na ethi imekatika. Badilisha kipande hicho kwa waya laini wenye nyuzi nyingi, usiwe wa kukakamaa. Na kama umepaka distributa rangi ili ipendeze, kwangua pale inapobanwa kwenye injini.

Ukiwa hapo ndani, fungua mpira wa vakyumu, uvute hewa kwa mdomo na uangalie kisahani kikisogea. Nyaya mbili za moduli zifuate bila kukazika na bila kugusa pete ya sumaku. Pete iwe imekaa chini kabisa. Ikibaki juu, rota (kile kidole kinachozunguka na kugawa cheche) nayo haikai, na kifuniko cha distributa kitaisaga. Nafasi kati ya pete na moduli ipime kwa kipimo cha plastiki kinachokuja nayo.

Volti ziko sawa, ethi iko sawa, na bado hakuna cheche? Itenge moduli. Ondoa waya wake kwenye hasi ya koili. Funga plagi ya zamani kwenye waya mnene wa katikati ya koili na uilaze juu ya chuma cha injini, iguse vizuri. Washa swichi, chukua kipande cha waya kutoka hasi ya koili, gusa ethi kisha ondoa. Kila unapoondoa, plagi itoe cheche, hata kama ni hafifu. Ikitoa, koili inafanya kazi. Isipotoa, moduli haina kesi ya kujibu.

Rota nayo usiisahau. Baadhi yake zina riveti inayopitisha umeme hadi kwenye shimo la katikati, na cheche inaishia kwenye shafti. Toa kifuniko, shika waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpira mzuri, ulete milimita chache juu ya chuma cha rota na mtu apige stata. Cheche nene ikirukia rota, itupe. Kwenye kifuniko tafuta mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, kati ya nguzo moja na nyingine.

Injini ikiwaka lakini inakohoa kwenye kabureta au inapata moto, ni taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Moduli haikati umeme pale pale pointi zilipokuwa zinafunguka, kwa hiyo ile alama ya zamani haina maana tena. Panga upya kwa taa ya taimingi. Nyaya za plagi ziwe za kaboni. Za shaba tupu, zikiwa na plagi zisizo na rezista, hutoa kelele za umeme zinazoichanganya moduli. Kondensa ya pointi, kile kikopo kidogo kinachofungwa pamoja nazo, iondolewe. Na kama umeme wa koili unapitia kwenye mita ya mizunguko, kama magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960, jaribu kuiruka kwa waya. Mita yenye kiungio kibovu inaweza kuzima gari zima.

Gari linalozima likipata joto na kuwaka likipoa ndilo pekee linalonifanya niishuku moduli mapema. Hata hapo naanza kwa kugusa koili: ikichoma mkono, narudi kwenye ohmu. Ikiwa vuguvugu tu, na plagi ya majaribio inatoa cheche, naipuliza moduli kwa mashine ya kukaushia nywele huku mwenzangu akipiga stata. Cheche ikipotea kwa joto na kurudi baada ya kupoa, nunua moduli nyingine. Zile pointi zako, pamoja na kondensa, zirudishe kwa muda. Zinaingia kwenye kisahani kilekile, na gari litaendelea kutembea hadi mpya ifike.