Kusoma Kihisi Joto cha DS18B20 kwa Waya Mmoja wa Data

Kihisi joto cha DS18B20, kilichobuniwa na kampuni ya Dallas Semiconductor ya Marekani, hupokea amri na kutoa majibu kupitia waya mmoja tu wa data, ingawa kwa kawaida huunganishwa pia na waya wa umeme na wa grandi. Kwa kuwa hakuna waya mwingine wa kupiga mapigo ya saa, urefu wa kila mpigo ndio unaobeba maana, na programu isiyopima muda vizuri itasoma takataka hata kama lehemu ni safi.

Unganisha umeme wa volti 3.3 au 5, kisha weka rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na waya wa umeme. Rezista hii si pambo. Kidhibiti (kompyuta ndogo inayoendesha programu yako) na kihisi vyote vinaruhusiwa kuushusha waya hadi volti sifuri, lakini hakuna kinachoupandisha kwa nguvu. Ukiachiliwa, rezista ndiyo inayourudisha juu. Kwa hiyo pini ya kidhibiti iwe ya kutoa wakati wa kushusha tu, na wakati wa kuachilia igeuzwe kuwa ya kupokea.

Mazungumzo huanza kwa kuushusha waya kwa mikrosekunde zisizopungua 480, kisha kuuachilia. Kihisi husubiri mikrosekunde 15 hadi 60, halafu nacho huushusha kwa mikrosekunde 60 hadi 240, mithili ya mtu anayeitikia hodi. Ukisoma waya mikrosekunde 70 baada ya kuuachilia na kuukuta juu, acha kuandika programu na urudi kukagua nyaya.

Biti hutumwa moja moja, ukianza na ile ndogo kabisa ya kila baiti. Ili kuandika 0, shusha waya kwa mikrosekunde 60. Ili kuandika 1, ushushe kwa takriban 6 kisha uachilie hadi nafasi ya mikrosekunde 60 iishe. Kusoma ndiko kunakowashinda wengi: shusha kwa mikrosekunde chache, achilia, na usome kabla ya mikrosekunde 15 kupita tangu uliposhusha. Ikiwa kidhibiti kitakatizwa na kazi nyingine katika kidirisha hicho, biti itapotea, kwa hiyo zima ukatizaji kwa muda wa biti moja tu, kisha uuwashe tena. Baina ya biti na biti hakuna haraka, kwani waya ulio juu unaweza kusubiri.

Kihisi kikiwa peke yake kwenye waya, tuma CC katika heksadesimali (namba za msingi wa 16) ili kuruka anwani yake ya biti 64, kisha 44 ili kipime joto. Kwa usahihi wa biti 12, kipimo huchukua hadi milisekunde 750. Baada ya hapo bisha hodi tena, tuma CC na BE, na usome baiti 9. Mbili za kwanza ni joto: ziunganishe katika namba ya biti 16 yenye alama ya kujumlisha au kutoa, ugawe kwa 16. Kwa mfano, 0191 ya heksadesimali ni 401 ya kawaida, yaani nyuzi 25.0625.

Ukipata nyuzi 85 kamili ndani ya chumba cha kawaida, usikilaumu kihisi. Hiyo ndiyo thamani kinayokuwa nayo kinapowashwa, na maana yake hukusubiri kipimo kiishe au umeme ulikatika katikati. Baiti ya 9 ni ya uhakiki wa nane za mwanzo, lakini ina mtego mmoja: waya ukigusana na grandi, baiti zote zitakuwa sifuri, na hesabu ya uhakiki wa sifuri tupu hutoa sifuri, hivyo kosa litapita kama data halali. Kataa jibu la sifuri zote kabla ya kufanya uhakiki wenyewe.