Kuendesha gari Wild Atlantic Way, Ayalandi: hatua kwa hatua, kutoka viza hadi ghuba ya Keem

Njia hii inafuata pwani yote ya magharibi ya Ayalandi, kutoka Kinsale kusini hadi Malin Head kaskazini, kama kilomita 2,500. Ilizinduliwa rasmi mwaka 2014. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda ana bahati moja: kule nako ni kushoto, na usukani uko kulia. Makosa yanayoharibu safari yapo kwingine: karatasi, hesabu ya muda, na tairi za upande wa kushoto.

Hatua ya 1: Karatasi

Ayalandi haimo katika Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Viza ya Ufaransa au Uholanzi haikuingizi, na viza ya Uingereza pekee kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki haitoshi. Omba viza ya Ayalandi yenyewe.

Mtego uko kwenye mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Mpaka hauna kizuizi wala askari, utauvuka bila kujua, lakini sheria ya uhamiaji ipo palepale. Ramani ya simu ikiombwa njia ya Dublin hadi Letterkenny itakupitisha Omagh na Strabane, yaani ndani ya Uingereza. Kama huna viza ya Uingereza, weka Sligo kama kituo cha kati, kisha upande Donegal kwa barabara ya N15. Ukielekea rasi ya Inishowen, iliko Malin Head, tokea Letterkenny kwa N13 hadi Bridgend, halafu pinda kushoto kwenda Buncrana. Usiifuate simu ikikuvuta Derry, mji ulio upande wa Uingereza.

Leseni ya nyumbani inaruhusiwa kwa mgeni hadi miezi 12. Beba na kibali cha kimataifa cha udereva, maana baadhi ya makampuni ya kukodisha hukidai kaunta.

Hatua ya 2: Hesabu saa, achana na kilomita

Barabara za pwani zinakupa wastani wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa, hata bila kusimama. Ukigawa njia nzima kwa siku 14 unapata karibu kilomita 180 kwa siku, yaani saa nne au tano kwenye usukani, kisha kila magenge unayaona kupitia kioo. Kwa siku tisa chagua kipande. Maeneo ya Kerry, Clare, Connemara na Mayo yanatosha kabisa. Donegal iachie safari yake.

Nenda kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwa kuwa unakaa kushoto, bahari itakuwa upande wako, na kuingia kwenye vituo vya kutazama mandhari hakutakulazimu kukata msururu wa magari. Mwenye kuogopa ukingo afanye kinyume.

Msimu pia ni hesabu ya saa. Sisi tumezoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima. Juni huko jua linazama karibu saa 4 usiku. Desemba linachomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi bora. Julai na Agosti barabara zinajaa.

Hatua ya 3: Gari na bima

Chukua gari dogo. Watu hukodi gari kubwa kwa starehe, kisha wanalijutia kwenye barabara ambayo majani yameota katikati ya lami. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Ukitaka otomatiki, weka oda miezi kadhaa kabla. Kaunta watataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na wataizuilia dhamana.

Bima ya kawaida ina kiasi ambacho unalipa mwenyewe kabla kampuni haijalipa, na mara nyingi ni zaidi ya yuro elfu moja. Uliza hasa kuhusu vitu vinne: tairi, rimu, vioo na chini ya gari. Hivyo ndivyo huachwa nje ya bima, na hivyo ndivyo huharibika pwani hii. Fungua buti: kuna spea au ni chupa ya dawa ya kuziba pancha? Dawa hiyo inaziba tundu la msumari, haizibi tairi lililopasuka ubavuni. Kisha piga picha rimu zote nne, sketi za chini, paa na kioo cha mbele kabla ya kuondoka.

Kwenye sheli hakuna mhudumu wa kukujazia. Unajaza mwenyewe, unakumbuka namba ya pampu, unaingia dukani kulipa. Mpini mweusi kwa kawaida ni dizeli na wa kijani ni petroli, ila soma maandishi ya kifuniko cha tangi kwanza. Ukikosea, usiwashe gari kabisa. Mafuta yakishapanda kwenye injini, bili inakuwa kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Kutoka Dublin

Lala Dublin usiku wa kwanza. Barabara ya M50, inayozunguka Dublin, inatoza ada bila kizuizi: kamera inasoma namba, na unatakiwa uwe umelipa kufikia saa 2 usiku ya siku inayofuata. Uliza kampuni kama inalipa yenyewe na kukukata baadaye.

Vikomo vya mwendo, kwa kilomita kwa saa: 120 kwenye barabara kuu za M, 100 kwenye N, 80 kwenye R. Barabara ndogo za vijijini zilishushwa kutoka 80 hadi 60 Februari 2025. Hicho ni kikomo tu. Kona nyingi zinataka 30.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Siku ya pili, Dublin hadi Killarney, kama saa tatu na nusu.

Siku ya tatu ni Ring of Kerry, barabara ya mzunguko wa kilomita 179. Mabasi ya watalii huizunguka kinyume cha saa kuanzia Killorglin. Nawe zunguka hivyo hivyo, lakini ondoka saa 2 asubuhi ili uwe mbele yao. Ukizunguka upande mwingine utakutana nayo uso kwa uso mahali ambapo mmoja lazima arudi nyuma, na basi halirudi. Baada ya Cahersiveen toka upitie Portmagee na Ballinskelligs: mabasi makubwa hayaingii huko. Kwenye mteremko mkali shuka kwa gia ya kwanza, breki zipumzike.

Siku ya nne, rasi ya Dingle. Barabara ya Slea Head izunguke kwa mwelekeo wa saa, mabasi hufanya hivyo na bahari inakaa kushoto. Hapa watu wanaongea Kiayalandi na vibao vimeandikwa hivyo: *Géill Slí* ni toa nafasi, *Go Mall* ni polepole. Conor Pass, njia nyembamba ya mlimani, ipite asubuhi isiyo na ukungu. Magari yanayozidi tani 2 hayaruhusiwi.

Siku ya tano panda pantoni ya Tarbert hadi Killimer. Ni dakika 20 na inakuokoa zaidi ya kilomita 100 za kuzunguka kupitia Limerick. Fika kwenye magenge ya Moher jioni, mabasi yakishaondoka. Magenge yale yana mita 214 na mwanga wa jioni unayapiga usoni.

Siku ya sita, R477 kupitia Black Head, kisha Galway hadi Clifden. Ya saba, Sky Road, Killary na bonde la Doolough hadi Westport. Ya nane, kisiwa cha Achill hadi ghuba ya Keem: barabara inaning'inia juu ya bahari, nenda mapema kwani maegesho ni madogo. Ya tisa, rudi Dublin.

Hatua ya 6: Yanayoharibika, na sababu zake

Pancha ya kushoto inaongoza. Ua wa majani kando ya barabara mara nyingi umeficha ukuta wa mawe, na ukingo wa lami umemeguka. Gari likija mbele, dereva anasogea kushoto kwa hofu na jiwe linapasua ubavu wa tairi. Usijibane ukiwa kwenye mwendo. Simama kwenye upanuzi uliotengwa, mwache apite, naye atainua kidole kwenye usukani. Inua chako.

Upepo unavunja bawaba za milango. Egesha pua ikitazama upepo na fungua mlango mmoja mmoja, ukiushika.

Mwisho, mchanga. Karibu na Clifden magari huvuka kwenda kisiwa cha Omey maji yakipwa, yakifuata nguzo zilizosimikwa. Mtu wa Pemba au Lamu hahitaji kufundishwa habari za bamvua, lakini mwenye kuzoea ziwa asikie: maji hujaa ndani ya saa sita tu, na yanaanzia kwenye mikondo ya chini, nyuma ya gari lako. Tazama jedwali la siku hiyo, vuka maji yakiwa bado yanapwa, na uwe umerudi kabla hayajageuka. Bima ya gari la kukodi hailipi gari lililozama.